Madawati ya Darasa la Kwanza

Asubuhi niliyokabidhiwa funguo za shule, niliwakuta watoto wa darasa la kwanza wamelala kifudifudi. Sitanii. Nilisukuma mlango nikitarajia waniamkie wote kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza wanavyofanya kila mahali, nikaona visigino. Walikuwa wamejipanga kwenye saruji tupu, vibao vya kuandikia chini ya videvu, wanachora herufi a. Mwalimu wao, binti ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka kusomea ualimu, alikuwa anawaruka mmoja mmoja huku ameshikilia sketi asije akamkanyaga mtu vidole.

"Madawati yako wapi?" nikamuuliza.

"Iko mu kilio, Mama Directrice," akajibu, kwa sauti ya mtu anayekuambia chai iko kwenye chupa.

"Kilio gani?"

"Ya kule nyuma, karibu na kisima. Batayarudisha."

Nilikuwa nimetoka Lukafu, nilikofundisha miaka mingi kabla ya kupewa shule hii ya msingi huku Annexe, pembezoni mwa Lubumbashi, mahali ambapo nyumba mpya inamalizika kabla barabara ya kuifikia haijaanza. Kule Lukafu mtu akifiwa, wafariji huja na mikeka na vigoda vyao. Huku nilikuta utaratibu mwingine. Waombolezaji wanakaa nje mbele ya nyumba ya marehemu, mchana na usiku, mpaka matanga yaishe, na kwa kuwa nyumba ni ndogo na watu ni wengi, inabidi wakae juu ya kitu. Matajiri wa mtaa wa Karavia hukodi mahema na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Watu wetu wanatuma ujumbe shuleni.

Kilichonichemsha zaidi ni kwamba hawakuwa wakichukua madawati ya darasa lolote tu. Ya darasa la sita hayaguswi, kwa sababu wale wana mtihani wa serikali. Ya darasa la tano yana mwalimu mwenye sauti nene na mabega mapana. Darasa la kwanza liko karibu na geti, mwalimu wake anaogopa hata kivuli chake, na watoto wa miaka sita hawaandiki malalamiko. Kwa hiyo kila mtu akifa katika mtaa wetu, anayelala chini wa kwanza ni marehemu, na wa pili ni darasa la kwanza.

Mkuu aliyenitangulia alikuwa mzee mpole, na mtaa mzima ulikuwa unamlilia kana kwamba naye amekufa, wakati alikuwa amestaafu tu. Kila kilio alitoa madawati, na kila kilio alipewa nafasi ya mbele na sahani ya kwanza ya bukari, ugali wa huku. Simlaumu. Lakini mimi ndiye niliyeachiwa kuyahesabu masalia. Yalikuwa yanarudi yamelegea miguu, yana matone ya mishumaa, yana alama za masufuria ya moto. Moja lilirudi bila ubao wa kukalia. Nilipomuuliza zamu, mlinzi wetu wa geti, alinieleza kwa upole kwamba usiku wa mwezi wa sita huwa na baridi kali na kuni zikiisha watu hawawezi kuacha moto ufe.

"Wakachoma dawati?"

"Ubao moya tu, Mama. Mengine ile habakuyagusa."

Alisema hivyo kama anayewasifu.

Nikaitisha mkutano wa wazazi. Mwenyekiti wa kamati yao ni mfanyabiashara wa jumla aliyekuja kutoka Kivu ya Kaskazini, ana lori na ghala, na ni mtu wa kanisa sana. Alifungua mkutano kwa sala ndefu hivi kwamba wenzake wawili walisinzia. Nilisimama nikaeleza. Nikasema watoto hawawezi kujifunza kuandika wakiwa wamelala kwa matumbo. Nikasema mkono wa mtoto unaharibika mapema na kuunyoosha baadaye ni kazi. Nikasema tangu shule ya msingi iwe ya bure watoto wamefurika na madawati hayatoshi hata yakiwa yote nyumbani, sembuse yakiwa matembezini. Walinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni anayelalamikia mvua.

Mwenyekiti akasafisha koo. "Mama Directrice, siye bote tunakusikia. Lakini bantu bakifiwa, utabaikalisha wapi? Juu ya matofali?"

Watu wakacheka. Nikatoa pendekezo nililokuwa nimeliandaa: mtaa ununue viti vyake vya plastiki, vya vilio, viwekwe kwenye ghala la mwenyekiti, kila mfiwa avichukue bila kuomba mtu. Hapo ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama mmoja alipiga hata kigelegele. Mwenyekiti alinishika mkono akasema wazo kama lile linatoka kwa Mungu. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa mwepesi, maskini mimi, nikidhani makofi ni jambo lililokwisha kutendeka.

Wiki zikapita. Viti hakuna. Kila nilipomkumbusha mwenyekiti alisema, "Inakuya, Mama, inakuya." Wakafa watu wengine, madawati yakatoka tena, visigino vikarudi hewani. Nilipandwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nagombana na sahani za chai. Nikaitisha mkutano wa pili, na safari hii sikupendekeza kitu. Nikasema tu kwamba dawati halitatoka tena kwenye geti lile, awe amekufa nani.

Ikaanza minong'ono, halafu mtu akasonya kwa sauti ya kusikika vizuri. Nilikuwa nimeanza kujiona niko peke yangu uwanjani, ndipo mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa mwisho kabisa akasimama. Alikuwa mfyatua matofali. Anachimba udongo wa vichuguu, anaufinyanga, anauchoma, na kila nilipomwona alikuwa na wekundu wa udongo ule hadi kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Miye niko na mutoto moya tu hapa ku masomo, iko mu première, mu darasa ya kwanza," alisema. "Kila siku anarudia na uniforme yenye vumbi hapa kifuani. Minamuuliza, ulianguka? Anasema, hapana, papa, nilikuwa naandika." Akawatazama wenzake. "Mama Directrice anasema ya kweli. Mabanc ni ya batoto. Siye bakubwa tutafute yetu."

Akakaa. Nikaidaka kauli ile kabla haijapoa, nikasema kamati imesikia, uamuzi umepita, na nikafunga mkutano mimi mwenyewe bila kungoja sala ya kufunga. Ulikuwa utovu wa adabu, na ulinifanya nilale usingizi mzuri.

Mzazi mmoja seremala alikuja kukaza misumari. Tuliyapaka madawati rangi ya bluu. Nikanunua kufuli nene ya mlango wa darasa la kwanza, na ufunguo nikautia kwenye mkoba wangu, si ofisini, maana ofisini kila mtu aliyeomba kwa upole alikuwa anapewa kitu.

Baada ya hapo nilikuwa na desturi ya kupita dirishani mwa darasa lile kila asubuhi baada ya bendera kupandishwa. Ndivyo nilivyomjua mtoto wa yule mfyatua matofali. Alikaa dawati la mbele, upande wa dirisha, miguu haifiki chini. Kabla ya kukaa alivuta mkono wa sweta mpaka kwenye kiganja akaifuta sehemu yake, kisha ya jirani yake, kisha akakagua.

"Unafanya nini?" nilimuuliza siku moja kupitia nondo za dirisha.

"Ninafanya propre, Mama Directrice," akasema, bila kugeuka, kama mtu aliyekatizwa kazini.

Nilicheka peke yangu hadi ofisini. Mkaguzi alipokuja muda fulani baadaye, aliinua kibao cha yule mtoto akawaonyesha wengine jinsi herufi zinavyosimama juu ya mstari. Nilijisikia kama nimeziandika mimi.

Jaribio la kwanza la kuyaomba madawati lilikuwa limekwisha kuja kabla ya hapo. Alikufa mzee aliyekuwa akiishi mkabala na geti letu. Walikuja asubuhi na mapema, watoto wake wakubwa na shefu wa mtaa, kofia mikononi. Waliponieleza shida yao niliwapa pole, nikawashika mikono, nikatoa mchango wangu, na nikawaambia madawati hayatoki.

"Mama," akasema shefu wa mtaa, "ni kuvuka barabara tu. Utakuwa unayaona kwa macho."

"Hata kama ni kuvuka mlango."

Binti mkubwa wa marehemu, mwanamke wa rika langu, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Kwenu, Mama, bantu habafwaka?"

Niliwasindikiza hadi getini. Walitoka. Siku zote za matanga nilipita mbele ya watu wale nikiingia kazini na nikitoka, na mazungumzo yalikuwa yanakatika nikikaribia na kuanza tena nikiwa nimepita. Wanakwaya walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Kilio kile kiliniweka midomoni mwa mtaa mzima. Wakanibandika jina: Mama Cadenas, mama wa makufuli. Muuza mikate wa getini, ambaye nilikuwa mteja wake wa kila asubuhi, alianza kugundua chenji haipo. Jumamosi ya salongo, siku ya wazazi kuja kufyeka nyasi za uwanja, nilisimama na walimu watatu wenye nyuso za kuonewa, na yule mfyatua matofali na jembe lake. Alifyeka bila kuniambia neno, alipomaliza akanipungia mkono, akaenda. Nyasi za upande wa pili zilibaki mpaka zikaficha mpira.

Iliniuma. Naandika wazi kwamba iliniuma, maana watu wanadhani mkuu wa shule mwenye msimamo ana moyo wa zege. Nilikuwa nataka nipendwe kama yule mzee aliyenitangulia, na nilikuwa nataka watoto wakae kwenye madawati, na hakuna aliyekuwa tayari kunipa vyote viwili. Lakini baada ya kilio kile hakuna aliyekuja tena kuomba. Vilio vilikuja vikapita, watu wakajipanga wanavyojua wenyewe, na kufuli yangu haikuguswa. Nilijiambia kwamba mtaa umeelewa.

Mvua zikashika. Mwezi wa pili shule yetu inakuwa kisiwa. Watoto wanafika na viatu mkononi na potopoto ya matope hadi magotini, na wengi hawafiki kwa sababu ya homa. Jumatatu moja nilipopita dirishani, dawati la mbele lilikuwa na watoto wawili badala ya watatu. Sehemu ya dirishani haikuwa imefutwa. Nilipita, nilikuwa na paa linalovuja darasa la tatu.

Siku iliyofuata mwalimu wa darasa la kwanza alikuja ofisini, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mama Directrice, ule mutoto wa mbele. Ya dirisha." Akaushika mlango. "Palu, ile malaria. Ijumaa alirudia na homa. Jana mangaribi amekufwa."

Tulienda masomo yalipokwisha, mimi na yeye, tukishikana mikono kwenye utelezi. Mvua ilikuwa imekatika na kila kitu kilikuwa kinadondosha maji. Kabla hatujafika niliwasikia wanawake, halafu tukapinda kona nikawaona wanaume.

Walikuwa wamekaa juu ya matofali. Baba wa mtoto alikuwa na tanuru lake pale pale uani, na walikuwa wameyapanga matofali yake mawili mawili, matatu matatu, mistari mirefu mbele ya nyumba, na watu wamekaa magoti yakikaribia videvu. Shefu wa mtaa alikuwepo. Binti wa yule mzee wa mkabala na geti alikuwepo, chini, juu ya mfuko wa simenti uliotandazwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwepo na suruali yake ya suti, juu ya matofali, na alipoinua macho tukatazamana nilijua wote wawili tunakumbuka sentensi moja. Hakucheka.

Kulikuwa na kiti kimoja. Kililetwa kutoka ndani, kikafutwa kwa kitenge, kikawekwa katikati.

"Ikala, Mama Directrice," wakaniambia.

Nilikaa, maana kukataa kiti kwenye kilio ni tusi. Nilikuwa juu kuliko watu wote. Mwalimu wangu alichuchumaa kando yangu na sikuwa na pa kuyaweka macho.

Baba wa mtoto alikuja kunisalimu. Hakuwa na udongo mwilini. Sijawahi kumwona amenawa hivyo. Nilisimama, nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia maneno ambayo kila mtu husema, kisha nikashindwa kujizuia.

"Kwa nini hamkunituma mtu? Kwa nini hakuna aliyekuja?"

"Kukuya kufanya nini, Mama? Kulomba mabanc?" Hakuwa ananipiga kijembe. Ningepona kama angekuwa ananipiga kijembe. "Nilisema miye mwenyewe mu réunion. Ni ya batoto."

Niliufungua mkoba, nikatoa ufunguo. Nilikuwa na hasira na yule mwenyekiti na viti vyake vya plastiki, na mtaa ulionitii hata kwenye kilio cha mtoto, na kufuli, na mvua. Nikamwambia nakwenda kuyaleta sasa hivi, yote, hata ya darasa la sita.

Akautazama ufunguo. Akatikisa kichwa.

"Na kesho bataandika wapi? Benzake?"

"Watasubiri. Siku chache tu."

"Hapana, Mama. Alikuwa anachukia ile vumbi."

Tulibaki tumesimama hivyo, mimi na ufunguo wangu mkononi, watu wote wanasikia. Sikujua kuna kitu kama hicho, mtu kutoa dawati lake mwenyewe likakataliwa. Mwisho nikasema, "Basi moja. Lile lake."

Akaitikia kwa kichwa na kugeuka haraka.

Tulirudi shuleni, mimi na mwalimu, na nyuma yetu akaja mwenyekiti bila kualikwa. Alilibeba upande mmoja, sisi tukabeba mwingine, na suruali yake ya suti iliishia kwenye potopoto ileile tuliyokuwamo. Tulilitua mbele ya mlango, mahali walipokuwa wanawake. Mama wa mtoto alitolewa nje akiwa ameshikiliwa mabega. Alilitazama lile dawati la bluu, kisha akanitazama mimi, na hilo ndilo neno pekee aliloniambia siku ile:

"Alikuwa anaikala wapi?"

Nikamwonyesha ule upande wa dirisha. Akaingia kwa ubavu, kwa kuwa magoti hayakuenea chini ya ubao, akakaa pale.

Matanga yalipokwisha dawati lilirudi zima, na watoto wawili wa dawati lile waliokuwa wamebanana kwingine wakarudi mahali pao. Niliitisha mkutano wa wazazi mwezi huohuo. Nilisimama nikaongea kuhusu viti vya plastiki, vya mtaa, vya vilio, viwekwe ghalani kwa mwenyekiti. Sikupandisha sauti. Nilipomaliza, ukumbi mzima ukapiga makofi, na mwenyekiti, macho yakiwa mekundu, akapiga kuliko wote. Mwisho kabisa alikuwa amekaa yule mfyatua matofali. Hakuwa tena na mtoto katika shule yangu, na hakuna aliyekuwa amemwita. Alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, ananitazama, anasubiri makofi yaishe ili asikie viti vitanunuliwa lini.